Jina Lililoandikwa kwa Penseli

Dirisha la matangazo lina komeo la mbao ambalo halifunguki kwa mkono. Lazima ulisukume kwa kiwiko huku ukiinua ubao wa chini kwa goti. Nimeanza na hilo kwa sababu siku mliyoniaga, pamoja na keki, hotuba na kitenge kizuri mlichonivisha, hakuna aliyeniuliza. Kesho yake saa mbili asubuhi nikapigiwa simu kwamba dirisha limegoma na watu wamejaa nje. Nikacheka peke yangu jikoni. Kumbe miaka yote mliyokuwa mkiisifia sauti yangu, kazi yenyewe ilikuwa goti.

Basi nimeamua kuwaandikia, ninyi mnaobaki kwenye meza ile ya redio. Habari za vyeo sitaziandika. Kuna mwaka nilifanywa mkuu wa kitengo cha matangazo ya jamii, lakini kitengo chenyewe kilikuwa mimi, meza na kiti chenye mguu mbovu. Nitaandika kazi ilivyofanyika, na kosa moja nililolifanya ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu kwenye korido.

Mimi ni mtoto wa Hasamba, nimekulia kwenye kahawa. Nilikuja Tunduma kwa shangazi yangu wakati bado tunahesabiwa mkoa wa Mbeya, na hakukuwa na redio ya hapa kwetu hata moja. Matangazo ya mji yalipita kwa gari. Lilikuwa pikapu la buluu lenye spika mbili juu ya bodi, na mwenye kulisemea alikuwa Mzee Simbeye, mwanamume mfupi mwenye sauti iliyomzidi umbo. Aliendesha kwa mkono mmoja na kushika kipaza sauti kwa mkono wa pili, na gia alibadilisha kwa namna ambayo hadi leo sijaielewa. Alipoanza kusumbuliwa na koo, akatafuta msaidizi anayejua kusoma. Shangazi akanipeleka.

Siku yangu ya kwanza tangazo lilikuwa la chanjo ya mbwa. Nililisoma mbio mpaka nikaishiwa pumzi. Mzee Simbeye akasimamisha gari katikati ya barabara.

"Eliza, binti yangu, unamkimbilia nani? Mimi naendesha polepole ili maneno yafike, wewe unayakimbiza yanipite."

Nikarudia polepole. Nililisoma polepole na vizuri hasa, kwa maana mchana wake zaidi ya nusu ya mbwa waliofikishwa kuchanjwa walitoka Nakonde, upande wa Zambia. Spika hazijui mpaka. Daktari wa mifugo akaja juu, akauliza nani ametangaza mpaka kwa jirani. Mwanamke mmoja wa Nakonde, ameshika mbwa wake kwa kamba ya katani, akaniamkia kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo," halafu akamgeukia daktari: "Bwana daktari, kichaa cha mbwa kinaonyesha pasipoti?" Mbwa wake alichanjwa.

Wageni huuliza Tunduma kuna nini cha kutazama. Bahari hatuna. Tunayo foleni ya malori, nayo kama bahari hujaa na kupwa, na madereva wanaotoka pwani hukaa humo siku nyingi kiasi cha kujua misiba yetu, harusi zetu na maji yamekatika mtaa gani. Niliwahi kutoa tangazo la kitambulisho kilichopotea, na aliyekileta alikuwa dereva wa Tanga ambaye hakumjua mtu yeyote katika mji huu isipokuwa sauti yangu.

Redio ilipofunguliwa, Mzee Simbeye na mimi tukahamia nayo. Jengo lilikuwa la vyumba viwili nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Ukuta wa studio tuliubandika trei za mayai na mablanketi ili sauti isirudi. Zana zangu zilikuwa tatu: kaunta buku la kuandikia kila tangazo na jina la aliyelileta, kalamu nyekundu ya kusahihishia, na msumari mrefu uliopigiliwa kwenye kibao. Karatasi ikishasomwa, unaichoma kwenye msumari. Usiitupe. "Kinachosemwa hewani hakionekani," Mzee alikuwa akiniambia. "Karatasi ndiyo shahidi wako, au shahidi wa mwenzio dhidi yako."

Alinifundisha mengine pia. Tangazo la kifo halisomwi mpaka ndugu wa marehemu asimame mbele yako kwa miguu yake, hata kama barua ina mihuri kumi. Jina la mtu likikushinda kutamka, muulize mwenye nalo, kwa maana aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Na ukilazimika kupunguza majina, wapunguze walio karibu, uwaache walio mbali. Wa karibu wamesikia kilio kwa masikio yao. Hili la mwisho liwekeeni mstari, tutalirudia.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, na nyingine zilinichekesha mpaka nikajificha chini ya meza. Mfugaji mmoja wa Momba alileta tangazo la ng'ombe aliyepotea, kurasa tatu, mbele na nyuma. Alieleza rangi, pembe, mama wa ng'ombe, bibi wa ng'ombe, na tabia yake ya kutopenda kelele. Nikamwambia, "Baba, tutasema ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe begani." Akanitazama kwa huzuni. "Mama, wekundu wenye baka wako wengi. Mimi namtafuta huyu." Nilisoma ukurasa mzima. Ng'ombe alipatikana siku ya pili, na aliyempata alisema alimtambua kwa kutopenda kelele.

Siku nyingine tulimtafuta bibi kizee wa mtaa wa Majengo tangu asubuhi. Ilipofika saa tisa akaja mwanamke wa Nakonde dirishani, akacheka: "Bamayo, bibi wenu yuko kwangu, anakula chikanda, amesema hii sehemu ya mtaa wake hakuijua." Alikuwa amevuka mpaka bila kujua, akamaliza sahani mbili za kile chakula cha mizizi na karanga.

Sasa nifike kwenye lile kosa.

Huku kwetu, kutajwa kwenye tangazo la msiba si kupewa habari tu. Habari siku hizi hufika kwa simu kabla redio haijawashwa. Familia ikitaja jina lako baada ya maneno "habari ziwafikie", inakuambia mbele ya watu wote kwamba wewe ni wetu, njoo, nafasi yako kwenye mkeka ipo. Asiyetajwa naye hujua. Nimepokea dirishani watu wazima wenye mvi, wamenuna, kwa sababu shemeji katajwa na wao hawakutajwa. Ndiyo maana orodha zilikuwa ndefu. Majina thelathini, arobaini, mtu na mahali anapoishi.

Meneja tuliyekuwa naye wakati huo alitoka mji mkubwa, akaona tunamaliza saa nzima kwa majina. Akaweka sheria: majina saba, kisha useme "pamoja na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo". Mzee Simbeye alibisha, lakini alikuwa anakaribia kustaafu na koo lake limekwisha. Alipoondoka, kalamu nyekundu ikabaki kwangu peke yangu.

Nami, niseme ukweli, niliipenda. Nilikuwa hodari wa kupunguza. Orodha ya watu ishirini naitazama mara moja, nachora mistari, imekwisha. Vijana wa studio waliniita Mama Wembe, na mimi nilijidai.

Asubuhi moja ya masika akaja mwanamume wa makamo kutoka Ibaba, kule milimani Ileje. Alijitambulisha kuwa Mwalimu Anyosisye, mtoto wa kwanza wa Mzee Ambakisye, aliyefariki jana yake. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu mpaka kwenye kamba. Alinipa karatasi kwa mikono miwili. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu, wino wa buluu, umenyooka. Majina yalikuwa tisa. Chini kabisa kulikuwa na jina la tisa lililoandikwa kwa penseli, herufi kubwa zilizopinda, nikadhani mtoto amechezea: *Tumpe, Saza*.

"Yasomwe yote, mama, tafadhali," akasema.

"Tutajitahidi, mwalimu. Pole sana kwa msiba."

Taarifa ya habari ilikuwa imebakiza dakika tatu. Majina tisa, sheria inataka saba. Kwa kanuni ya Mzee Simbeye ningewakata mchungaji wa Ibaba na diwani wa Ibaba, ambao bila shaka walikuwa wamekwishakaa msibani wanakunywa chai. Lakini "Mchungaji" na "Mheshimiwa Diwani" ni maneno yanayopendeza kinywani, yanalipa tangazo uzito. Nikawaacha. Nikakata mawili ya chini. La nane lilikuwa la binamu wa Itumba. La tisa halikuwa na cheo, halikuwa na "Mama" wala "Ndugu", ni jina tupu la penseli. Mstari mmoja mwekundu ukapita juu ya yote mawili. Nikasoma vizuri, kwa huzuni ya kiasi, nikaichoma karatasi kwenye msumari, nikaenda kunywa chai.

Wiki tatu baadaye akaja mama mzee, amejifunga khanga mbili na sweta la kiume. Alikuwa na kikapu cha maharage. Alinisalimu kwa Kindali, nikamjibu kwa Kinyiha, tukacheka, tukakutana kwenye Kiswahili. Akasema yeye ni mjane wa Mzee Ambakisye wa Ibaba.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu, mwanangu. Redio hii inafika Saza?"

"Inafika, mama. Kuna nini?"

Akaniambia. Binti yake wa mwisho, Tumpe, aliondoka kwa mume ambaye baba yake ndiye aliyemchagua, akaenda Saza kuwapikia wachimbaji wa dhahabu. Baba akaapa jina lile lisitamkwe ndani ya nyumba yake. Halikutamkwa miaka mitano. Namba ya simu ya binti ilibadilika, hakuna aliyekuwa nayo. Siku mbili kabla ya kufa, mzee akamwambia mkewe, "Mwiteni Tumpe." Hakusema zaidi. Kaka mkubwa alipokuwa anaandika tangazo akasita, maana hakuwa na hakika kama baba alikuwa na akili zake. Mama akachukua penseli ya mjukuu, akaandika mwenyewe.

"Mimi sikusoma sana," akasema. "Niliandika jina lake na mahali alipo. Nikajua akilisikia atakuja. Hakuja. Jumamosi ya wiki ijayo tunaanua tanga. Nataka aje asikie baba yake alivyomwita, maana hilo neno nimelibeba mimi na mimi ni mzee. Sasa nikasema nije niulize, labda redio haifiki."

Msumari ulikuwa umesimama mezani pembeni yangu. Sikuhitaji kuichomoa ile karatasi. Niliiona kichwani, penseli na mstari mwekundu juu yake.

Nikasema, "Mama, unajua ile milima. Wakati mwingine inazuia mawimbi."

Akanitazama. Akasema polepole, "Haya, mwanangu. Milima." Akasukuma kikapu kwenye dirisha. "Haya maharage ni yako, nimetoka nayo nyumbani." Akaondoka akishikilia ukuta kwa mkono mmoja.

Nimefanya kazi hii muda mrefu na nimetukanwa na watu wa kila aina, lakini sijawahi kujichukia kama siku ile. Maharage niliyafikisha nyumbani nikashindwa kuyapika. Nilikuwa nimemfuta mtoto wa watu kwa kupenda neno "Mheshimiwa", kisha nikaisingizia milima ambayo haina kinywa cha kujitetea.

Kesho yake nikaenda Mpemba kwa Mzee Simbeye. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikakaa, nikachukua hindi, nikamweleza yote huku napukuchua. Hakunikatiza. Sauti yake ilikuwa imebaki kama ya mtu anayenong'ona kanisani.

"Eliza, umekuja nikuambie si kosa lako?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi umekosea nyumba." Akapukuchua hindi zima kabla hajaendelea. "Ulimfutia wapi?"

"Studio."

"Kamrudishe hukohuko. Neno lililotoka hewani halirekebishwi kwa barua."

Nikarudi kwa meneja. Alikuwa mtu mwenye adabu, lakini hakutaka kusikia. Akasema redio haijikosoi hadharani, watu watapoteza imani. Nikamwambia redio haijakosea, nimekosea mimi, na kama watu wana imani na redio ambayo haijawahi kukosea basi imani yao ina kasoro. Akasema ataniandikia barua ya onyo. Nikamwambia aiandike vizuri, jina langu lina herufi z. Barua ile ninayo hadi leo, nimeiweka kwenye fremu chumbani, na wajukuu wanadhani ni cheti.

Saa ya matangazo ilipofika nikachomoa karatasi ya Ibaba kwenye msumari. Ilikuwa na tundu katikati. Nikaisoma upya tangu mwanzo, nikataja majina yote tisa na mahali pa kila mmoja. Nilipofika la mwisho nikasema hivi:

"Tumpe wa Saza. Jina hili liliandikwa na mama yako, kwa mkono wake. Halikusomwa kwa sababu mimi Eliza, msoma matangazo, nililifuta. Nyumbani kwenu hakuna aliyekuacha nje. Baba yako alisema uitwe. Kuanua tanga ni Jumamosi, Ibaba."

Fundi mitambo wetu, Daudi, alikuwa ametoa macho nyuma ya kioo. Nikaendelea na tangazo la kukatika kwa maji.

Simu zililia siku nzima. Wengine walinipongeza, wengine walinicheka, na bwana mmoja akauliza kama naweza pia kutangaza makosa ya mke wake. Alhamisi akapiga mchimbaji wa Saza. "Mama, huyo Tumpe tunamjua, ndiye anatulisha. Lakini leo hajafungua. Jiko baridi." Nikamuuliza kaenda wapi. Hakujua. Mgahawa uliofungwa unaweza kuwa na maana mia, na mimi niliziwaza zote mia mpaka Jumamosi.

Jumamosi nikapanda basi la alfajiri hadi Itumba, kisha pikipiki kupanda milima. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kupasua midomo. Nilichukua sukari, majani ya chai, na aibu yangu. Nyumbani kwa Mzee Ambakisye watu walikuwa wameshajaa, wanawake wanamenya viazi, wanaume wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoletwa uani. Tumpe hakuwepo. Nilimuuliza Mwalimu Anyosisye, akatikisa kichwa.

Nikaenda kumwona mama jikoni. Nikapiga magoti karibu na jiko la kuni. Nikasema, "Mama, nilikudanganya. Milima haikuzuia kitu. Nililikata jina la mwanao mimi mwenyewe, kisha ulipokuja nikaogopa."

Akageuza kuni. Pembeni yake, juu ya kinu, palikuwa na redio ndogo ya betri, imefungwa kwa raba isiachane, waya wa antena umepanda mpaka kwenye paa.

"Najua," akasema. "Siku ile tangazo lilivyosomwa nilikuwa nimekaa hapahapa. Nilihesabu. Wewe ulipomtaja diwani, diwani mwenyewe alikuwa hapo nje anaomba sukari iongezwe."

"Sasa mama, kama ulijua, kwa nini ulikuja kuniuliza?"

"Nilitaka kujua ulimfuta kwa chuki au kwa haraka. Watu wengi huku walimsema mwanangu. Nikasema labda na huko redioni wamemsikia." Akanipa kisu na kiazi. "Uliposingizia milima, nikaona macho yako. Mwenye chuki asingeona aibu vile. Nikasema huyu ni wa haraka tu. Wa haraka anafundishika. Haya, menya."

Nikamenya. Nilimenya viazi vingi kuliko mwanamke yeyote pale.

Ilikuwa kama saa sita mchana, ukungu umeanza kufunguka, pikipiki ikasimama njiani chini ya nyumba. Akashuka mwanamke mrefu, sufuria kubwa ya mgahawa imefungwa nyuma kwa mpira. Aliifungua, akapanda nayo mpaka mwisho wa uzio wa mahindi akasimama hapo. Alishika sufuria mbele yake kwa mikono miwili, wala hakuvuka.

Mama alitoka jikoni na majivu mikononi. Akasema kwa sauti kubwa, ndani ya boma ambalo jina lile halikutamkwa miaka mitano, "Tumpe!"

Mara moja tu. Sufuria ikaanguka. Wanawake wakaanza kulia upya kana kwamba mzee amefariki siku hiyo, na kwa Tumpe ilikuwa hivyo kweli. Mwalimu Anyosisye akaenda kuokota sufuria, akashindwa kuinuka, akabaki amechuchumaa nayo.

Jioni, kabla sijapanda pikipiki kurudi, Tumpe alinifuata. Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari nayo. Akanyanyua vidole vyake mbele ya uso wangu.

"Nilikuwa nahesabu hivi, mama. Mkono mmoja umeshika kisu cha vitunguu, nikahesabia mwingine, vidole vikaisha nikaanza upya. Wakafika saba. Nikasubiri. Ukasema na marafiki popote walipo. Nikasema, basi, mimi hata rafiki siyo." Akashusha mkono. "Siku uliporudia nilikuwa nimebeba maji. Nilikaa chini palepale kwenye matope."

Nikamwomba msamaha. Akasema ameshanisamehe tangu Saza, ila nikikata tena jina la mtu atakuja Tunduma na mwiko. Nikaona huo ni mkataba wa haki.

Tangu siku hiyo sikukata jina hata moja. Meneja alihamishwa kwa sababu zake, sheria ya majina saba ikafa bila mazishi, na muda tuliouhitaji tukaupata kwa kupunguza salamu za wapenzi. Kila anayeitwa anasomwa. Siku hizi kuna makundi ya WhatsApp, na mnaniambia dirisha limepitwa na wakati. Labda. Lakini nimeona watu wanaleta tangazo dirishani baada ya kulituma kwenye makundi matano, kwa sababu wanataka lisomwe kwa sauti, jina kwa jina. Msiwaharakishe.

Mwaka jana, miezi michache kabla ya kuagana nanyi, nilifungua dirisha kwa kiwiko na goti nikamkuta Tumpe nje. Nywele zimeanza mvi. Hakuwa na mwiko. Nikajua kabla hajasema.

"Mama amekwenda," akasema. "Juzi. Hakuumwa sana."

Nilishikilia ubao. Alinipa karatasi kwa mikono miwili, kama kaka yake alivyofanya. Aliiandika yeye, wino wa buluu, majina kumi na mawili. Nilimpa pole, nikaandika kwenye kaunta buku, nikaingia studio bila kuisoma yote, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri.

Daudi akaniwashia taa. Nikaanza. Kifo, mahali, siku ya mazishi. Habari ziwafikie. Mwalimu Anyosisye, aliyehamia Itumba. Tumpe, Saza. Nikateremka nao mmoja mmoja, sikimbii, kama nilivyofundishwa kwenye pikapu la buluu. Nikafika la kumi na mbili, nikaona chini yake kuna mstari mwingine. Wa penseli. Herufi kubwa zilizopinda za mtu ambaye hakusoma sana, zimetetemeka zaidi kuliko zile za kwanza. Mama alikuwa ameliandika mwenyewe akiwa hai, chini kabisa ya karatasi tupu, na binti yake akaja kuandika mengine juu yake.

*Eliza, Tunduma.*

Sauti ikanikatika. Katika miaka yote ya kazi haikuwahi. Nyuma ya kioo Daudi akaniashiria kwa vidole viwili kama mkasi: tukate?

Nikatikisa kichwa. Nikalisoma jina langu, na mahali nilipo. Asubuhi yake nilikuwa wa kwanza kwenye basi la Itumba, kwa sababu nilikuwa nimeitwa.